Kamera Iko Mfukoni, Kibali Kiko Kabatini

Asubuhi moja ya mwaka jana, saa nne kasoro dakika ishirini, nilisimama katika chumba cha mikutano cha idara nikiitazama kompyuta ya mezani isiyokuwa na jicho. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa na kioo kikubwa, kasi ya kutosha, na waya wa intaneti uliochomekwa ukutani. Projekta ilikuwa imekwisha kuwashwa na wajumbe wa jopo walikuwa wameketi. Pembeni alikaa mwanafunzi wa shahada ya umahiri, mama wa watoto wawili na mtumishi wa halmashauri moja ya mikoani, tasnifu yake ikiwa magotini, akisubiri kuitetea mbele ya mtahini wa nje aliyekuwa nchi nyingine. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni kamera. Kompyuta mpakato tuliyozoea kuitumia kwa shughuli kama hizo ilikuwa imekufa kioo wiki iliyotangulia. Ombi la kununua kamera kwa ajili ya ile ya mezani lilikuwa limeandikwa, limesainiwa na kupelekwa kunakohusika miezi minane kabla.

Utaratibu wetu unataka mtahini amwone mtahiniwa, na ni utaratibu wa haki. Bila picha, aliye mbali hawezi kujua anayejibu ni nani, wala kama kuna mtu anayemnong'oneza majibu. Basi likatolewa pendekezo la busara, kwa sauti ya upole: tuahirishe.

Neno "tuahirishe" ni jepesi kinywani mwa anayelitamka. Kwa mama yule lilikuwa na uzito wa mwaka mzima. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa inaishia mwezi uleule. Orodha ya wahitimu ilikuwa inafungwa baada ya siku kumi, na kuikosa maana yake ni kungoja mahafali ya mwaka mwingine, pengine na kulipa ada ya kuongezewa muda. Hakusema neno. Aliifunga tasnifu yake taratibu, akaanza kuitafuta bahasha aliyoijia nayo.

Ndipo kijana mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuja kutusaidia kufunga projekta, akauliza kwa adabu: "Samahani, Dokta, kwa nini tusitumie simu?" Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayedhani amekwisha kufikiri, kwamba slaidi ziko kwenye kompyuta, jopo lote haliwezi kurundikana mbele ya kioo cha simu, na tukiwasha simu na kompyuta pamoja katika mkutano mmoja sauti zitapigana mwangwi. Akasubiri nimalize. "Sisemi tujiunge na mkutano kwa simu, Dokta. Nasema simu iwe kamera ya kompyuta."

Akaomba simu yangu na waya. Waya wa kwanza ulikataa, kwa sababu ulikuwa miongoni mwa zile nyaya za bei nafuu zinazopitisha umeme wa kuchajia tu na hazipitishi taarifa. Waya wa pili, uliotoka katika droo ya katibu muhtasi, ulikubali. Akaweka programu moja kwenye simu na mwenzake kwenye kompyuta, akaisimamisha simu juu ya vitabu vitatu, akaielekeza kwa mama yule. Ilipotimu saa nne na dakika kumi mtahini alikuwa anamwona mtahiniwa wake, safi, bila kukwama. Utetezi ulifanyika, ukaisha, na tasnifu ikapita kwa masahihisho madogo. Mtahini hakuuliza lolote kuhusu kamera. Kwake ilikuwa kamera kama kamera nyingine.

Ndugu msomaji, siandiki makala hii ili kumsifu kijana yule, ingawa anastahili. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo halinipi raha. Simu ile ilikuwa mfukoni mwangu kwa miaka miwili. Dokezo la kuomba kamera nililiandika mimi mwenyewe. Ina maana kwamba kwa miezi minane niliilalamikia serikali, chuo na bajeti kwa kukosa kitu nilichokuwa nimekibeba. Hoja yangu leo ni kwamba sehemu kubwa ya uhaba tunaoulilia katika taasisi zetu si uhaba wa vifaa. Ni uhaba wa maarifa juu ya vifaa tulivyo navyo, na uhaba wa ruhusa ya kuvitumia. Lakini hoja hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo usipowekwa wazi, hoja yenyewe hugeuka dhuluma kwa wanyonge. Nitaanza na upande wa kwanza.

Tuelewe kwanza jambo lenyewe, kwa sababu kisichoeleweka huonekana uchawi, na uchawi hauingizwi katika mpango kazi. Kamera ya kompyuta ni kifaa kinachonasa picha na kuikabidhi kompyuta kupitia mlango wa USB. Simu janja nayo hunasa picha, na mara nyingi kwa ubora unaozidi ule wa kamera ndogo za kubandika juu ya kioo. Kinachobaki ni kuishawishi kompyuta iamini kwamba simu ile ni kamera. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya programu zinazofanya kazi kwa jozi, moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, kama vile DroidCam, Iriun na Camo. Programu ya simu hutuma picha, na ya kompyuta huipokea na kuitangaza kana kwamba kuna kamera imechomekwa. Ukifungua programu ya mkutano, unaichagua katika orodha ya kamera kama ungechagua nyingine yoyote.

Njia ya pili haihitaji programu ya ziada. Watengenezaji wa vifaa wana kanuni ya pamoja iitwayo USB Video Class, ambayo huiwezesha kompyuta kuitambua kamera mara tu inapochomekwa. Toleo la 14 la Android, lililotoka mwaka 2023, liliweka uwezo wa simu kujitambulisha kwa kanuni hiyo, ingawa si kila mtengenezaji wa simu ameufungua uwezo huo katika simu zake. Mwaka 2022 kampuni ya Apple nayo iliziwezesha iPhone kuanzia toleo la XR kuwa kamera za kompyuta zake za Mac, bila hata waya. Kwa hiyo hii si hila ya vijiweni. Ni matumizi yanayotambuliwa na watengenezaji wakubwa wa simu na kompyuta duniani.

Yapo mambo madogo ambayo kuyajua huokoa siku. Waya ni bora kuliko Wi-Fi, kwa sababu picha haiyumbi na simu inachaji wakati inafanya kazi. Hata ukitumia Wi-Fi, picha inayosafiri kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta haili kifurushi chako cha intaneti, maana inazunguka ndani ya mtandao wa chumba hicho tu. Kinachokula kifurushi ni mkutano wenyewe, na huo ungekila kwa kamera yoyote. Tumia kamera ya nyuma ya simu, kwa kuwa ndiyo bora, na ilaze simu kwa ubavu ili picha ienee. Iinue hadi usawa wa macho. Dirisha liwe mbele yako. Likiwa nyuma yako utaonekana kivuli. Ukitumia waya, weka simu katika hali ya ndegeni ili shangazi asipige katikati ya hoja yako ya tatu. Na iondolee kasha ikianza kupata joto. Darasa zima ni hilo, na halichukui nusu saa.

Sasa turudi kwenye historia kidogo, maana nayo ina funzo. Kamera inayohesabiwa kuwa mama wa kamera zote za mtandaoni haikuzaliwa kwa zabuni. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti wa ghorofa mbalimbali walikuwa wakitegemea birika moja la kahawa lililokuwa nje kidogo ya chumba kilichoitwa Trojan Room. Mtu angeshuka au kupanda ngazi na kulikuta birika tupu. Wawili kati yao, Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky, wakachukua kamera, wakaielekeza kwenye birika, wakaiunganisha na kompyuta, na kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta za wenzao. Picha yenyewe ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, yenye nukta 128 kwa 128. Mwaka 1993 ikaunganishwa na wavuti, na watu wa mabara yote wakawa wanatazama kama kahawa ya Cambridge imekwisha au la. Ilizimwa mwaka 2001.

Nalitaja birika hilo kwa sababu moja. Kifaa ambacho leo tunakiandikia dokezo na kukisubiri miezi minane kilibuniwa na watu waliokerwa na jambo dogo, wakakusanya vilivyokuwa karibu nao, wakavipa kazi mpya. Kulikuwa na udhia, kulikuwa na kamera, na kulikuwa na watu wawili wasiohitaji kuomba radhi kwa kuviunganisha.

Aliyedhani kwamba kuigeuza simu kuwa kamera ni mbinu ya umaskini na aukumbuke mwaka 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia watu majumbani, kamera za kompyuta ziliadimika madukani hata katika nchi tajiri, na bei zake zikapaa. Watu wenye fedha mkononi hawakupata cha kununua, na wengi wao wakageukia simu zao. Hapa kwetu vyuo vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa Juni 1. Katika miezi ile tulifanya vikao vingi kuhusu ufundishaji wa mtandaoni. Kila mmoja wetu alikuja kikaoni na simu. Sikumbuki kikao hata kimoja nilichohudhuria ambamo mtu alisimama na kuuliza simu hizo zinaweza kufanya nini zaidi ya kupiga, kuandikiana na kurushiana picha za mzaha. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema. Lakini sisi tulikuwa na macho ya ziada mifukoni, na bado ilibidi tuambiwe.

Kwa nini basi hatukutazama? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni mazoea ya kuamini kwamba kifaa halali ni kile kilichokuja kipya, ndani ya boksi, kikiwa na hati ya kupokelea mzigo. Kilichopo hakina heshima. Ukimwambia mkuu wa taasisi kwamba tatizo limetatuliwa kwa simu iliyoegemezwa kwenye vitabu, atacheka. Ukimletea makadirio ya mamilioni kwa ajili ya "ukumbi wa kisasa wa mikutano ya kidijitali", atayapokea kwa mikono miwili. Tumejifunza kuyapima maendeleo kwa ukubwa wa manunuzi.

Ya pili ni woga, na hapa naomba watumishi wenzangu wa umma wanisikilize bila kuudhika. Mfumo wetu humwuliza maswali anayetenda, lakini haumwulizi anayeacha. Mtumishi akitumia kifaa kisichokuwa katika rejista ya mali, anaweza kuhojiwa: ni cha nani, kiliingiaje, nani aliruhusu. Mtumishi akiahirisha kazi kwa sababu kifaa hakijanunuliwa, hana la kujibu. Ana nakala ya dokezo lake, na nakala ile ni ngao. Ukaguzi wa ufanisi upo, na unafanya kazi njema, lakini haushuki hadi katika chumba cha mikutano cha idara kuhesabu ni mama wangapi waliokosa mahafali. Mtumishi mwenye akili timamu akiupima mfumo huu ataona kwamba usalama wake uko katika kutofanya. Sisemi ni mvivu. Nasema ameusoma mfumo vizuri.

Sheria za ununuzi wa umma siziwekei lawama hii. Zina sababu zake, na nchi hii imepata hasara kubwa pale zilipokanyagwa. Lakini kuichomeka simu iliyopo kwenye kompyuta iliyopo si ununuzi. Hakuna shilingi iliyotoka. Tulilazimisha jambo lisilohitaji zabuni lipite katika mlango wa zabuni, kisha tukaulaumu mlango kwa wembamba wake.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi walimu. Tunafundisha vifaa kwa majina yake na hatuvifundishi kwa kazi zake. Mwanafunzi wetu anaweza kukariri kwamba kamera ni kifaa cha kuingizia taarifa na kupata alama zote, lakini asiulize ni wapi pengine katika maisha yake kuna kifaa cha kuingizia taarifa kilicholala. Kijana aliyetuokoa siku ile hakuijua mbinu hiyo kutoka darasani kwetu. Nilimwuliza. Aliijifunza akirekodi mahubiri na harusi mtaani kwao, ambako hakuna wa kumwandikia dokezo.

Hapo ndipo upande wa kwanza wa hoja yangu unapoishia. Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika jambo la kupendeza na la hatari. Kuna msomaji, na bila shaka ni mwanaharakati, ambaye tangu aya ya tatu amekuwa akitaka kunikatisha. Anasema: Daktari, ukiwafundisha wakubwa kwamba simu ya mwanafunzi inatosha, hawatanunua kitu tena. Leo ni kamera. Kesho ni kompyuta yenyewe. Keshokutwa ni chaki.

Msomaji huyo ana haki, na sitaki kumjibu kwa mkato. Tunao tayari walimu wanaojaza taarifa za shule kwa simu zao na vifurushi vyao. Tunao watumishi wa afya ngazi ya jamii wanaopiga picha za fomu kwa simu zao na kuzituma kwa fedha zao. Kilianza kama moyo wa kujitolea, kikawa mazoea, na sasa asiyefanya hivyo huonekana mkaidi. Hakuna aliyewahi kutia saini waraka unaosema kwamba simu ya mtumishi ni mali ya ofisi. Ilitokea tu, siku moja baada ya nyingine, kwa sababu kila mara palikuwa na dharura na kila mara palikuwa na mtu mwema.

Wahenga walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Taasisi inayojisitiri kwa simu ya mtumishi wake iko uchi, hata kama picha inaonekana safi. Simu ile ina chaji yake, umri wake na mwenye nayo. Ikianguka kutoka juu ya vitabu vitatu, nani atalipa kioo? Siku ya utetezi sikujiuliza, kwa sababu simu ilikuwa yangu na mshahara wangu ungeweza kuhimili. Je, ingekuwa ya mwanafunzi aliyedunduliza mkopo wake mwaka mzima kuinunua?

Tena simu si kamera tupu. Ndani yake mna ujumbe wa mke, picha za watoto, miamala ya fedha na majina ya watu. Siku ile, kabla sijaikumbuka hali ya ndegeni, simu yangu iliita, na picha ya kamera ikasita mbele ya jopo zima. Tulicheka. Lakini programu hizi, kwa asili ya kazi yake, huomba ruhusa ya kuitumia kamera na mara nyingi kipaza sauti. Na ile inayotuma picha kwa Wi-Fi bila nenosiri yaweza kutazamwa na mtu mwingine aliye katika mtandao huohuo. Kwa mtumishi anayeshughulikia majalada ya watu, na kwa mwanaharakati mwenye majina ya watu waliomwamini, hilo si la kuchekea. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ofisi inayomtaka mtumishi aitumie simu yake kwa kazi ya umma na ijiulize inaitii vipi sheria hiyo, kabla haijamsifu kwa ubunifu.

Basi tufanye nini? Tusichague kati ya kusubiri boksi na kumnyonya mwenye simu. Napendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza mwezi huu.

La kwanza, kila taasisi ifungue droo zake. Katika ofisi nyingi zimo simu za kazi zilizostaafishwa kwa sababu kioo kimepasuka, betri haimalizi asubuhi, au mkubwa amepewa nyingine. Simu ya namna hiyo haifai tena kutembea nayo, lakini jicho lake bado linaona, na ikichomekwa kwenye kompyuta udhaifu wa betri hauna maana kubwa. Ifutwe kila kilichomo, isiwekwe laini, iandikwe katika rejista kama kamera, na ikae katika chumba cha mikutano. Kwa hatua hiyo moja, swali la mali linajibiwa na swali la siri linajibiwa. Hakuna ujumbe wa mke wa mtu ndani yake.

La pili, atakayetumia simu yake mwenyewe aitumie kwa hiari iliyo wazi, na awe na haki ya kukataa bila kunung'unikiwa. Ofisi itoe waya unaopitisha taarifa, kishikio cha kuisimamishia, na kifurushi pale kinapohitajika. Na kabla ya kazi, si baada, ikubali kwa maandishi kwamba simu ikiharibika kazini itatengenezwa.

La tatu, maofisa wa TEHAMA wachague programu moja au mbili, wazikague, waziweke kwenye kompyuta za ofisi na waandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili. Kumwacha kila mtumishi apakue anachokiona kwanza mtandaoni ni kuwaachia wageni ufunguo wa nyumba.

La nne linawahusu wenye mamlaka ya kuruhusu. Toeni ruhusa ya jumla, kwa waraka mfupi, kwamba kifaa kilichopo kinaweza kutumika kwa kazi nyingine kinayoimudu, mradi hakuna fedha inayotumika, hakuna usalama unaovunjwa, na jambo limeandikwa. Mtumishi akiwa na waraka huo mkononi, ngao yake haitakuwa tena dokezo la kuahirisha. Itakuwa kumbukumbu ya kazi iliyofanyika.

Kwa wanafunzi wangu nasema neno moja la ziada. Msijivunie kwamba mnazo simu za kisasa. Wengi wenu hamjatumia hata robo ya kilichomo. Kabla hujaandika "changamoto ya ukosefu wa vifaa" katika sura ya nne ya tasnifu yako, niambie kwanza ulihesabu vifaa gani, vilivyo wapi, na ulijaribu kuvifanyia nini. Na kwa wanaharakati: endeleeni kudai bajeti. Ila dai lenye nguvu ni la yule anayeweza kusema, "Tulicho nacho tumekitumia hadi mwisho wake, na hapa ndipo kilipofikia." Dai hilo ni gumu kulijibu kwa "fedha zikipatikana".

Kamera tuliyoiomba, kwa taarifa yenu, ilifika, mwezi wa kumi na moja tangu dokezo liandikwe. Ni kamera nzuri, na niliitia saini mwenyewe. Kwa kuwa ni mali ya thamani, iliamuliwa ihifadhiwe katika kabati lenye kufuli. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na utetezi mwingine, na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Kijana yuleyule alikuwa amekwisha kuhitimu na kuondoka. Nikatoa waya wangu mkobani, nikavitafuta vile vitabu vitatu, na safari hii niliichomeka simu mimi mwenyewe.